Asiyejua Jina la Mti

Bahari ilikuwa imekupwa vizuri Jumamosi ile, na Leiwia alijua ana saa tatu tu. Saa tatu za kuwatoa akina mama sita wa kanisa ufukweni, kuwavusha mikokoni kabla maji hayajarudi, kuwapandisha msitu wa miti ya nabanga, kuwatokeza kwenye mikadi juu ya jabali, kisha kuwateremsha upande wa pili kabla jua halijazama. Njia hiyo alikuwa ameipita mara nyingi hadi miguu yake ingeweza kwenda peke yake na kumwacha nyumbani amelala. Wageni wa meli aliowaongoza walikuja, wakapiga picha, wakaumwa na mbu, wakaondoka. Hao hawakumsumbua akili.

Ila siku hiyo ilikuwa ya Merian.

Merian alikuwa binti wa mdogo wake. Mdogo mtu alifariki miaka mitatu nyuma, na siku ya mwisho alimkamata Leiwia mkono, mkono wenyewe umebaki mfupa, akamwambia: "Dada, usimwache mwanangu akazeekea kuosha sahani za hoteli. Mfundishe miti." Leiwia hakujaliwa kuzaa. Na kwao kisiwani ukoo hufuata mama, na elimu ya miti nayo hufuata mama, haiendi kwingine. Ama Merian aibebe, ama iishe kama moto wa makumbi. Kwa hiyo Jumamosi hiyo Merian alikuwa mtihanini. Angetembea wa mwisho, nyuma ya wote, na akifanya vizuri, Jumamosi ijayo angetembea wa mbele.

"Mama mkubwa, mbona unaniangalia hivyo?" Merian akauliza, akifunga kamba za viatu vyake vya raba. "Kama unaniuza vile."

"Nikuuze nani akununue, na ulimi wako huo?"

Akina mama wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Mama Dorin, mwanamke mnene wa maneno mengi, gauni lake pana la maua likipepea kama pazia la ukumbi. Kichwani alibeba laplap ya kuku iliyofungwa majani, na alikuwa amekwisha kusema mara mbili kwamba safari isiyo na chakula ni msiba.

Wakaanza. Na kama ilivyo ada ya wanawake wa kwao, kila miti inapobadilika walisimama. Mmoja mmoja aligusa mti wa kwanza wa mahali hapo na kuutaja jina kwa sauti. Bibi yake Leiwia alikuwa akisema, nyumba ya watu huingii bila hodi, ya miti utaingiaje? Wa mbele hupiga hodi ya kwanza. Wa nyuma hupiga ya mwisho, na yeye ndiye anayefunga mlango.

Ufukweni waligusa mvinje. "Mvinje," "mvinje," "mvinje," hadi kwa Merian. Kwenye matope wakagusa mkoko.

"Mkoko, habari yako," alisema Mama Dorin. "Mimi ni Dorin, mke wa shemasi. Usinivue ndala yangu."

Hatua tatu mbele matope yakaimeza ndala yake, fyoo. Waliichimbua kwa mikono huku wamekufa kwa kicheko.

Leiwia hakumwacha Merian apite hivihivi. Kila kituo alimwongezea swali lake peke yake, mti ambao hakuna aliyeutaja. "Na ule wenye maua ya njano?"

"Burao. Gome lake kamba, jani lake sahani, na kivuli chake cha kusengenyea watu."

"Hayo ya mwisho nilikufundisha lini?"

"Nimekuona mwenyewe ukiyafanya."

Leiwia akageuka haraka wasimwone anavyotabasamu. Alikuwa na furaha jamani. Furaha ya mtu aliyebeba mzigo mrefu na sasa anaona mlango wa nyumba.

Wakafika mdomoni mwa msitu.

Na pale, katikati ya njia, jani la namele lilikuwa limepandwa wima.

Vicheko vikakatika. Namele likipandwa njiani, njia imefungwa. Hata mtoto anayetambaa kisiwani anajua. Huliruki, hulizunguki, huulizi. Unarudi ulikotoka, unakwenda kumtafuta aliyelipanda, mnaongea.

"Basi tumekwisha," alisema Mama Dorin kwa sauti ndogo. "Laplap tutaila ufukweni."

Lakini Leiwia alikuwa ameshapandwa na hasira. Aliona mbele ya macho yake mtu mmoja tu: Kalsei. Kalsei, binamu wa marehemu mumewe, aliyetaka kuukodisha ufukwe kwa tajiri wa hoteli, na tajiri amesema hataki njia ya watu kupitapita. Wiki iliyopita Kalsei alijaza tumbo kava, kinywaji chao cha kulevya, kwenye nakamal, baraza la wanaume, akatangaza mbele ya wanaume: nitaifunga njia ya yule mwanamke, nione atapita wapi.

"Namele hupandwa na chifu," Leiwia akasema. "Kalsei ni chifu wa nini? Wa kuku wake? Na hata hao kuku hawamheshimu, wanalala kwa jirani."

"Mama mkubwa," Merian akaita toka nyuma. "Tukamuulize kwanza."

"Nimuulize Kalsei ruhusa ya kupita alipopita bibi yangu? Thubutu!"

Akalikamata jani kwa mikono miwili, akavuta.

Halikutoka.

Akavuta tena. Lilikuwa limekaa ardhini kama meno. Akaweka mguu, akavuta kwa mgongo wote, na likaja taratibu... taratibu... mpaka likachomoka, na tundu likabaki, jeusi, lenye upana wa ngumi. Jani lilikuwa bichi kabisa. Utomvu ulimtiririka mkononi. Toka tundu lile ikapanda harufu ya matope ya mikokoni, ya samaki na chumvi, ingawa bahari ilikuwa mbali chini na pale palikuwa pakavu.

Alilitupa kichakani. 

"Haya, hodi."

Mti wa kwanza wa msitu ule ni mkungu mkubwa. Wakagusa wote. "Mkungu." "Mkungu." Mama Dorin aliusema kwa kukaza, kama anayemkemea mtoto: "Mkungu!" Mwishoni kabisa sauti ya Merian, safi: "Mkungu." Mlango umefungwa, wakaingia.

Msitu wa nabanga una giza lake hata mchana. Mizizi inaning'inia toka juu, mingine nyembamba kama uzi, mingine minene kama kiuno cha mtu. Hawakwenda mbali, Merian akasema, "Tangulieni, nafunga kiatu."

"Usikawie."

Wakatangulia. Leiwia alikuwa na sikio la nyuma, kama wote waliozoea kuongoza watu. Alihesabu nyayo bila kufikiri. Jozi sita nyuma yake. Hatua kumi, jozi sita. Hatua ishirini, jozi sita.

Kisha saba.

"Merian?"

"Naam."

Akashusha pumzi, wakaendelea. Njiwa waliokuwa wakilia huko juu walinyamaza. Mbu nao walinyamaza, na hilo halijapata kutokea msituni mle tangu dunia iumbwe. Kilichobaki ni nyayo tu. Na zile za mwisho kabisa, Leiwia akazisikia vizuri sasa, zilikuwa na sauti ya majimaji.

Chwa. Chwa. Chwa.

"Jamani, nani kakanyaga maji?" mama mmoja akauliza.

Harufu ya matope ilikuwa imewafuata.

Walitokeza kwenye mikadi ya juu ya jabali, jua limeinama, upepo unapiga. Wakasimama, wakagusa, wakataja. "Mkadi." "Mkadi." "Mkadi." Merian alikuja wa mwisho, akaweka kiganja kwenye shina. "Mkadi," akasema, na Leiwia nusura acheke kwa nafuu. Alikuwa Merian yuleyule, blauzi ileile ya buluu, kovu lilelile la kidevuni. Matope tu, yaliyomfika magotini.

"Umeanguka?"

"Nimeanguka," Merian akasema.

"Haya, la mwisho la leo. Ule wa kushoto, wenye gome jekundu?"

Ulikuwa mnatora. Mti ambao kila nguzo ya nyumba yao imetokana nao. Merian aliujua akiwa na miaka minne.

Merian akautazama. "Mvinje."

Akina mama wakacheka. "Umechoka, binti!"

"Na ule?" Leiwia akauliza. Hakucheka.

"Mkoko."

"Na ule pale?"

"Mkungu!"

Alilisema kwa kukaza, kama anayemkemea mtoto. Kwa sauti ya Mama Dorin. Si kwa kuigiza. Ilikuwa sauti yenyewe, nzito, na mkwaruzo wake wa kifua.

Mama Dorin akaacha kucheka. Akaweka laplap chini polepole.

Leiwia akayapanga kichwani. Mvinje, mkoko, mkungu. Yote yaliyotajwa na kundi zima kwa zamu, kwa mpangilio uleule. Burao, alilolitaja Merian peke yake kwa maneno mengi, halikuwamo. Bibi alimwambia zamani wakichambua majani ya kusukia mikeka: wale wa msituni, wasio watu, wanaweza kuvaa uso wowote, mjukuu wangu, lakini majina ya miti hawayajui ila waliyoyasikia. Wangeyajulia wapi? Hawana mama wa kuwafundisha.

Alitaka uhakika. Pembeni ya njia palikuwa na nangalat, ule mti wa majani mapana yanayounguza, ambayo ukiyagusa unalia wiki nzima na ukioga unalia upya. Hakuna mtu wa kisiwa kile anayeukaribia. Leiwia akafunga mkono kwa pindo la gauni, akavunja kijiti chenye jani.

"Nishikie hili, mwanangu."

Merian akanyoosha mkono. Akalipokea jani kwa vidole vyote vitano, akalikumbatia kiganjani, akalifinya.

Akatabasamu.

Mama mmoja akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," akakwama hapohapo, asikumbuke kinachofuata.

Leiwia akamsogelea Mama Dorin, akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Washushe wenzako. Njia ni moja, haina panda. Imbeni, na asigeuke mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nina mtoto wangu huku."

"Leiwia, usiwe mjinga, tukawaite wanaume..."

"Wanaume wako kwenye kava saa hizi, Dorin. Nenda."

Wakaenda. Wimbo wa kanisa ukateremka jabalini, ukitetemeka, kila mama kwa ufunguo wake. Leiwia akabaki na kile kitu, wametazamana. Alikuwa na hofu, asikudanganye mtu.  Lakini juu ya hofu ile palikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomshikilia wima.

"Merian yuko wapi?"

"Merian ni mimi."

"Mama yako nani?"

Kikanyamaza.

"Nakuuliza, mama yako nani?"

Kikafungua mdomo. Mdomoni mle hamkuwa na kitu, giza tu, na pumzi ya matope. Kikaufunga. Kisha kikainua mkono kuonyesha mnatora, na kiwiko kikapinda upande usiopinda.

"Unaitwaje?" kikauliza. Kwa upole kabisa, kama mwanafunzi.

Hapo Leiwia akaelewa kinachotakiwa.

"Ahaa. Kumbe umekuja shule!" Akachomoa panga kiunoni. "Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi ulimwengu wako leo ni mimi. Na hupati kwangu hata jina la jani la kufungia laplap."

Akakipa mgongo. Jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya, kukipa mgongo. Akarudi msituni, na nyuma yake: chwa, chwa, chwa. Hakukimbia. Alikwenda hadi kwenye nabanga kuukuu la katikati, lile lenye mizizi mia, ambalo bibi alisema ndiyo nyumba yao, na bila kusema neno akaukata mzizi wa kwanza.

Pa!

"Mama mkubwa! Unaniumiza!"

Sauti ya Merian. Merian kabisa, ya utotoni, ya usiku wa homa. Panga likamlegea Leiwia mkononi. Je, kama ndiye? Kama wamemfunga humo ndani, na kila pigo linampata yeye? Machozi yakamjaa. Alisimama hapo sijui muda gani, panga juu, na kitu kile nyuma ya shingo yake kinapumua.

Kisha akasema, "Mwanangu, kama ni wewe, niambie naukata mti gani."

Kimya.

"Sema jina lake. Ulilijua kabla hujajua kuvaa viatu."

Kimya.

Pa! Mzizi wa pili. Pa! Wa tatu. Sasa zikapigwa kelele za wote, sauti ya Mama Dorin, ya yule wa Baba yetu, ya Leiwia mwenyewe, zote toka mdomo mmoja. Pa! Halafu zikakoma ghafla, ikaja moja, ya chini, iliyochoka. Sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kwa miaka mitatu.

"Dada. Inatosha."

Leiwia akalia kwa sauti. Alilia kama siku ya mazishi. Na huku analia akainua panga akapiga, akapiga tena. "Mdogo wangu aliniambia nimfundishe! Hakuniambia nimwache! Nitaukata huu wote, nikimaliza nauchoma, nikimaliza nachimba mizizi. Nina usiku kucha! Nina wiki! Sina mume, sina kazi nyingine! Mrudishe!"

Msitu mzima ukatulia.

Nyuma yake kitu kikasema, kwa sauti isiyokuwa ya mtu yeyote, sauti kama tope linaloachia mguu:

"Yuko lilipotoka jani."

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Nyayo tu, zimejaa maji, na kijiti cha nangalat kimewekwa kati ya nyayo mbili.

Alikimbia sasa. Gauni lilipasuka, ndala ziliruka, hakujali. Merian alikuwa ameketi kando ya lile tundu, mdomoni mwa msitu, mgongo kwenye mkungu, miguu imenyooshwa kama mtu anayesubiri chakula. Macho yako wazi. Mashavu yamevimba.

Mdomo wake ulikuwa umejazwa majani.

Leiwia akayatoa moja moja kwa kidole. La mvinje. La mkoko. La burao. La mkungu. Yakafuata mengine ambayo hawakuyapita siku ile, ya milimani, ya mito ya mbali, majani yote aliyomfundisha tangu mtoto ana miaka minne. Yalikuwa mengi kuliko mdomo unavyoweza kubeba. Lilipotoka la mwisho Merian akavuta pumzi ndefu, akamtazama.

"Mama mkubwa."

"Mimi hapa! Mimi hapa, mwanangu."

Akambeba mgongoni. Bahari ilikuwa imesharudi mikokoni, maji yalimfika kifuani, na akayapita hivyohivyo akitukana mikoko, matope na giza lililoanza kuingia. Ufukweni akina mama, waliokuwa wamezunguka toka upande wa pili, walimpokea kwa vilio. Mama Dorin alimpiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia.

Merian hakuwa na jeraha. Alikula, alilala, alijua jina lake na la marehemu mama yake. Kesho yake asubuhi Leiwia akamletea chai, na kwa furaha akamwonyesha dirishani. "Tuna wageni, wanachuma maua ya burao letu."

Merian akatazama nje. "Burao ndiyo nini?"

Alikuwa haujui. Haujui mvinje, haujui mkungu, haujui mti hata mmoja. Mahali pa majina yale palikuwa pamefutwa, peupe. Leiwia akatoka nje, akakaa nyuma ya jiko, akajifunika uso kwa kanga. Maana kilichomtisha si kwamba Merian hayajui. Ni kwamba mwingine sasa anayajua yote. Siku kitakapotembea tena nyuma ya watu, ukikiuliza mti, kitajibu.

Alipopata nguvu alikwenda kwa Kalsei na panga lake. Alimkuta mlangoni, amekonda kwa usiku mmoja.

"Sikulipanda mimi," Kalsei akasema kabla hajaulizwa.

"Kalsei, usinichezee."

"Nilikuwa na langu. Ndiyo, nilitaka kuifunga njia, nakiri. Ijumaa jioni nilikwenda nalo begani." Akatazama upande wa msitu. "Nikakuta pameshapandwa. Bichi, kama ulivyoliona wewe. Nikajiambia, nani mwingine mwenye haki hapa? Halafu lile jani likatikisika, Leiwia. Hakukuwa na upepo. Lilikuwa linatikiswa toka chini. Nikatupa langu, nikakimbia."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Kwamba nilikwenda kuiba njia nikafukuzwa na jani?"

Leiwia alimtazama sana. Alitaka awe anaongopa, maana ingekuwa rahisi. Lakini Kalsei hakuwa mtu wa kukiri aibu yake bure.

Chifu alimwita, akasema kwa upole kwamba njia ifungwe. Aliyelipanda lile namele, yeyote yule, alikuwa na sababu. Kosa lilifanyika, maji yamemwagika.

"Kosa ni langu, chifu, silikatai," Leiwia akasema. "Niling'oa nisichokijua kwa sababu ya kiburi. Nitatoa nguruwe, nitapiga magoti mbele ya kijiji. Lakini mkiifunga njia, miti yote ya bibi yangu itabaki kwa kile kitu, na mtoto wangu abaki mtupu. Mtu kaniibia, mnaniambia nimfungie mlango akiwa na mali zangu ndani? La, hasha!"

Chifu hakumruhusu, na hakumkataza.

Jumamosi iliyofuata maji yalikupwa tena. Leiwia akamshika Merian mkono, wakaenda wawili tu. Kabla ya kuondoka nyumbani alimwambia: "Nikikufinya kidole, nisemalo ni uongo, usilishike. La kweli nitakupa nyumbani, sikioni."

Hawakusimama kwenye mvinje wala mkoko. Alimpeleka moja kwa moja mdomoni mwa msitu. Tundu lilikuwapo bado, limejaa maji ya chumvi hadi ukingoni. Leiwia akaweka kiganja cha Merian kwenye shina la mti wa kwanza.

"Huu ni mti gani?"

Merian akatikisa kichwa. Machozi yalimlenga. "Sijui, mama mkubwa."

Ndipo ikaja toka ndani ya msitu, toka giza la mizizi, sauti ya Merian yenyewe. Safi, ya kuchangamka, ya mwanafunzi aliyefaulu.

"Mkungu."

Merian akamng'ang'ania.  Leiwia akalitazama lile giza usoni.

"Umekosea," akasema.

Jani moja likaanguka.

"Umekosea! Nani kakudanganya?"

Maji ya tundu yakatikisika. Kisha, taratibu, kwa wasiwasi:

"Basi... unaitwaje?"

Leiwia akakifinya kidole cha Merian, akakifinya kwa nguvu zote.

"Mshandaro," akasema. Hakuna mti duniani wenye jina hilo.

"Mshandaro," sauti ikarudia, imeridhika.

"Mshandaro," ikasema nyingine, kushoto kwao.

"Mshandaro," ikasema nyingine huko juu. Na nyingine nyuma ya hiyo. Na nyingine, na nyingine, zikienda ndani hadi msitu ulipoishia, za watoto, za wazee, zote kwa bidii moja.

Leiwia hakuwa amejua kwamba ni wengi. Akamvutia Merian ubavuni pake, akapandisha sauti mpaka ufukweni wangemsikia.

"Haya, vizuri! Sasa tusogee mti wa pili."